Kinu Kilichokula Kitambi cha Mativo

Makongeni Estate,
S.L.P. 1147,
Nairobi.

18 Juni, 1978

Mpendwa wifi yangu Kanyiva,

Pokea salamu zangu, na kama zikikufikia zimechoka kwa safari, zikaribishe ndani uzipe kiti. U hali gani huko Lusaka? Watoto wanasomaje? Na Bwana Kisilu, bado anachonga twiga na vifaru, au Wazungu wa huko wanataka wanyama wengine? Mwambie nimemsalimu sana, na kigoda alichotuachia bado kinakaliwa kila siku.

Sisi huku ni wazima, Mungu apewe sifa. Baridi ya Juni imetuingia mpaka kwenye mifupa na makaa ya kupikia hayapatikani ovyo, lakini hakuna anayelala kitandani kwa ugonjwa. Nasema tena, wifi, nyumbani kwangu hakuna mgonjwa.

Nakazia hivyo kwa sababu najua barua ya Mama imekufikia, au iko njiani. Alikuja hapa wakati wa Pasaka, akamwona kaka yako, akaangua kilio hapo hapo mlangoni kabla hata sijampokea mzigo. Amerudi Mwala akiamini mwanawe ana ugonjwa mbaya tunaomficha, na kwamba mimi namnyima chakula. Sasa anataka Mativo aache kazi ya reli arudi nyumbani akatibiwe. Kanyiva, Mama anakusikia wewe kuliko mtu yeyote. Kwa hiyo tulia nikusimulie yote, ili ukimwandikia ujue unachosema. Mimi mwenyewe niliyaona kwa macho yangu na bado nashangaa mpaka leo.

Mlipoondoka hapa Mativo alikuwa ameanza kunona. Basi baada ya ninyi kwenda, alinona kweli kweli. Kitambi kilikuwa kinaingia ndani kwanza, ndipo mwenyewe anafuata. Vifungo vya shati la kazi vilikuwa vikiruka mpaka nikachoka kushona. Na mimi nilivyokuwa nikitembea nimeinua kichwa! Hapa Makongeni ukionekana na mume mwenye kitambi, kila mwanamke anajua kwako hakulaliwi njaa. Kanisani wakawa wananiambia, "Nthenya, wewe unajua kutunza mtu." Nikirudi nyumbani naongeza mafuta kwenye mboga.

Lakini kazi ya kaka yako unaijua. Huunganisha mabehewa kule kwenye yadi. Anaingia kati ya behewa moja na lingine, anafunga vyuma na mipira ya breki, kisha anatoka upesi, maana injini ikisukuma haimwulizi mtu. Mwaka jana mwezi wa Septemba aliingia vizuri, kutoka ndiko kukawa na matata. Tumbo lilinaswa kwenye chuma cha pembeni. Shitanda, mwenzake wa kazi, ambaye pia ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alimshika mkanda wa suruali akamvuta kwa nguvu zake zote. Mativo alipoanguka nje tu, mabehewa yakagongana.

Unafikiri aliniambia? Hata neno! Alikuja nyumbani akala, akasoma gazeti. Mimi niliyasikia bombani kutoka kwa Khalayi, mke wa Shitanda, tukifua nguo. Niliacha nguo kwenye povu nikakaa juu ya ndoo.

Mkubwa wake wa kazi akampeleka kwa daktari. Daktari akampima, akakuta damu inakwenda mbio, tumbo limezidi, na akimwambia ainame ashike vidole vya miguu anaishia magotini. Akamwambia, rudi baada ya mvua ndefu. Ukirudi na tumbo hili, kati ya mabehewa hutaingia tena, utapewa rungu ulinde lango la stoo. Kanyiva, unamjua kaka yako. Tangu ujana wake kazi anayoijua ni hiyo, na akisikia injini inapiga honi kule yadi anakuambia jina la dereva. Kumkalisha langoni na rungu ni kumzika akiwa anapumua.

Alianza na mbio. Alfajiri anavaa kaptura ya zamani, anashika Jogoo Road mpaka karibu na mahakama ya Makadara, anarudi. Watoto wakawa wanamfuata wakipiga kelele, "Mzee, ngoja tumbo likufikie!" Yeye hajali, anakimbia tu. Lakini akishaingia nyumbani, aiya! Mkate karibu wote na siagi, mayai, viazi vilivyobaki jana, chai ya maziwa yenye sukari mpaka kijiko kinazama kwa shida. Nikimwangalia ananiambia, "Nimetoka jasho, nimestahili." Krismasi ikafika, mkanda ukahitaji tundu jingine, na halikuwa la kukazia.

Akageukia upande wa pili. Akaacha kula. Asubuhi chai ya rangi, mchana maji, jioni anazungusha kijiko kwenye sahani anasema ameshiba. Mbio pia zikaisha, kwa sababu nguvu atazitoa wapi? Na hasira sasa! Mlango ukilia anagomba na mlango. Siku moja akashikwa na kizunguzungu yuko katikati ya reli. Shitanda akamkalisha kando akamwapia kwamba hataingia naye kati ya mabehewa tena mpaka ale chakula kama binadamu. Jioni ile Mativo aliikabili sufuria ya ugali amesimama, hakungoja hata mboga. Niliingia jikoni nikalia, kwa maana niliona lango la stoo linamngoja.

Sasa sikia maajabu. Jumamosi moja mwezi wa Januari nilikuwa uani natwanga mahindi aliyotuletea Mama, nayatoa maganda yawe muthokoi. Nilikuwa nimefua, nimepanga foleni ya makaa, nimerudi bila makaa, na mgongo unaniuma. Bwana akatoka ndani akasimama mbele yangu na kile kitambi chake. "Nthenya, chakula kiko wapi?" Wifi, unajua mdomo wangu. Nikamwambia, "Chakula ndicho hicho kinuni. Ukikitaka, kitwange."

Nilipokwisha kusema nikajua leo ni leo. Wewe umeshamwona wapi mwanamume wa Kikamba akishika mchi? Tena uani, mbele ya nyumba za watu wa reli, Waluhya na Wajaluo wote wanaangalia? Khalayi aliacha kuanika nguo. Mativo akaniangalia, akaangalia kinu. Kisha akavua shati, akalitundika kwenye kamba, akaninyang'anya mchi.

Mwanzoni hakufika mbali. Alikuwa akipiga pembeni, mahindi yanarukia kuku, jasho linamtiririka mpaka kwenye kiuno cha suruali. Nilicheka, Mungu anisamehe, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lakini hakuacha. Nikamwonyesha namna ya kutanua miguu, kuinama kutoka kiunoni na kuvuta tumbo ndani mchi unaposhuka. Alipomaliza, tukapepeta, nikayapika na kunde. Akala sahani moja, polepole, anatafuna kila punje kama anaijua kwa jina. Nikauliza, nikuongezee? Akasema, "Hapana. Mwenye kutwanga cha kuongeza ni nani?"

Basi ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Anakula alichotwanga, hakuna kingine cha kujaza tumbo. Muthokoi na kunde au maharagwe, sukuma wiki nyingi isiyoogelea mafuta, papai likipatikana, na nyama siku ya Jumapili. Sukari tuliiondoa kwenye chai, na hilo ndilo lililomliza. Anakula jua halijazama, halafu basi. Na kwa kuwa sasa alikuwa anakula, miguu ikapata nguvu, akarudia mbio zake za Jogoo Road, lakini akirudi havamii mkate. Ndipo nilipoelewa. Mbio peke yake hazikufua dafu, na njaa peke yake ilitaka kumwua. Mbio zilipokutana na kula kwa kipimo, mwili ukasikia.

Watu walisema, nisikudanganye. Wanaume bombani walimwita Mama Kinu. Mzee Munyoki wa kanisa alikuja kwa heshima zote kuniuliza kama nimemwekea mume wangu kitu. Kabla sijajibu, Mativo akamjibu akiwa ameshika mchi, "Mzee, daktari ameniandikia dawa, naitwanga." Mzee alikaa akamtazama mpaka mahindi yakaisha kinuni, akaondoka bila kunywa chai. Siku hizi nasikia mkewe anaulizia fundi wa vinu.

Halafu tumbo likaanza kwenda. Kanyiva, sijui nikuelezeje. Halikwenda kwa siku moja. Kwanza shati lilifunga bila ugomvi. Kisha nikaona mkanda umelegea, akatoboa tundu ndani zaidi. Kisha asubuhi moja alikuwa ananawa uso kwenye beseni nikaona kiuno. Kiuno! Kiuno nilichoolewa nacho, nilichokuwa nimeshasahau kwamba kipo. Nilisimama na taulo mkononi mpaka akaniuliza nina nini. Nilikuwa nimefikiri yule kijana alikwisha kwenda zake, kumbe alikuwa humo ndani wakati wote.

Na tukawa tunatwanga wawili, mchi wake unaposhuka wangu unapanda. Siku moja akaanza kuimba zile nyimbo za ngoma mlizokuwa mkicheza mkiwa vijana. Wewe ulimwona enzi hizo, mimi nilihadithiwa tu jinsi alivyokuwa akiruka hewani. Jumapili moja baada ya kanisa, alivua koti akanipa. Akarudi nyuma, akakimbia kidogo, akaruka, akapinduka juu hewani, akashuka kwa miguu miwili. Mtu wa umri wake! Maji ya bomba yalijaza ndoo ya Khalayi yakamwagika, hakuna aliyefunga. Mwili huu tuliopewa na Mungu ni kitu cha kutisha, wifi. Tunaulaza, tunaushindilia, tunaudharau, nao unatungoja tu tuuite.

Huyo ndiye Mativo ambaye Mama alimwona akalia. Alimwacha na kitambi, akamkuta na kiuno, akaona kaburi. Simlaumu, mzazi ni mzazi. Alituletea samli na kuku wawili, akakaa karibu wiki akimpikia kwa siri. Mativo anakula kidogo kwa heshima, akienda mbio anazunguka mara mbili.

Mwishoni mwa Mei alirudi kwa daktari. Alivaa shati jeupe, mimi nikabaki nyumbani nikiomba huku nachambua maharagwe, mawe natia sufuriani na maharagwe natupa. Alirudi akitembea polepole, uso hausemi kitu, nikafikiri yamekwisha. Akakaa, akavua viatu, akasema, "Daktari ameniuliza nimetumia dawa gani. Nimemwambia inapatikana Mwala." Damu imetulia. Ameachiwa kazi yake. Nilimkumbatia mbele ya watoto, na haya sikuona.

Lakini wifi, kilichonifanya nishike kalamu leo si hicho. Juzi alisahau bakuli lake la chakula, nikampelekea. Askari wa langoni ananijua, akaniacha nisimame kwenye ua wa waya. Miaka yote hii sijawahi kumwona mume wangu akiwa kazini. Nilimwona akienda kuelekea mabehewa, akainama, akapotea. Injini ilikuwa inanguruma upande ule. Nikahesabu pumzi zangu. Akatokea upande wangu, mwepesi, akainua mkono, na mabehewa yakasogea, chuma kikalia mpaka ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Alipokuwa amesimama sasa hapana hata pa kupitisha mkono.

Nilifikiri ni mlango, Kanyiva. Kumbe ni ufa. Nafasi anayotokea ni ndogo hivyo, na kila siku anatokea.

Mwandikie Mama. Mwambie Nthenya hamnyimi mwanawe chakula. Mwambie nimeiona kwa macho yangu nafasi anayopita, na nitamlisha kwa kipimo cha nafasi hiyo maadamu ni mzima.

Mativo, Shitanda na Khalayi wanakusalimu. Nisalimie Kisilu, na watoto wote uwabusu kwa niaba ya mke wa mjomba wao wa Makongeni. Mungu awalinde huko ugenini, mtoke salama na mrudi salama, kila siku anayowapa.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye bila kupungua,

Nthenya