Ekseli isiyotaka spana

Jumatano, Bofu

Ile ekseli haijanitoka kichwani. Ya gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ya maunteni imekatika, na fundi Salimu amenipa mbili nichague. Moja ni chuma kizima, hufungwa kwa nati na spana. Nyingine ina tundu katikati, na chuma chembamba chapita ndani. Wavuta kimkono kwa kidole tu, gurudumu lishatoka! Nililitoa na kulirudisha mara sita, hadi fundi akacheka.

Nikaichukua hiyo ya kimkono, nikaja kumwonyesha mama. Akaitazama, kisha akagusa vile vyuma viwili vinavyoshikilia keria, kile kiti cha nyuma, vinavyokazwa kwa nati za ekseli.

"Sasa vyuma hivi, mwanangu, utavifunga wapi?"

Ekseli ya kimkono haina nati. Na kwenye keria ndipo mama anapokaa kila Alhamisi nikimpeleka kliniki, kwa sababu ya mguu wake.

Nikaona hasira. Huyo aliyeibuni, wallahi, hana mama wa kumbeba?

Kesho ni Alhamisi. Alfajiri nitairudisha kwa Salimu, anifungie ile ya nati. Nitamwomba tu aniache nikivute kile kimkono mara moja tena.