Baruti ya Daraja la Kwanza

Jumapili, Aprili. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, nguo nilizofua juzi bado mbichi, na mimi nina hasira ambayo hata misa haikuipunguza. Padri alihubiri uvumilivu. Nilimsikiliza huku nimeuma meno.

Naandika hapa kwa sababu nikimpigia mtu simu nitamtukana.

Bunduki ni ya marehemu baba, leseni sasa ni yangu, na nguruwe pori ni wa kila mtu. Wameingia shamba la mama huku kijijini kwetu Ruanda, wanafukua ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia mlimani, na kuangusha mahindi yaliyokwisha kubeba. Mama hana shamba lingine. Akivuna mabua, mwaka mzima tunakula kwa kuazima. Risasi za dukani, zikipatikana, bei yake inatosha kumnunua nguruwe mwenyewe. Tangu soko liachiwe huria kila kitu kinauzwa Mbinga, isipokuwa kile unachokihitaji.

Ndipo nikakumbuka sanduku. Padri mmoja mzungu aliyekuwa akiwinda na baba alimwachia mashine yake ya kujazia risasi alipokwenda kwao kupumzika uzeeni. Unachukua ganda lililokwisha kutumika, unaliwekea fataki mpya kitakoni, unatia baruti, unakandamizia kichwa cha risasi juu. Fataki zipo, vichwa vipo, mizani ndogo ipo, na kitabu cha vipimo kipo. Kibali cha polisi nilikipata baada ya kuzungushwa mpaka viatu vikalalamika. Kilichobaki ni baruti tu.

Baruti tu! Nilivyokuwa mjinga.

Lugha yetu imetupa neno moja na watu wamelishika kama rozari. Mjomba wa Lituhi, anayewinda kwa gobole, akaniletea baruti yake nyeusi ndani ya chupa ya soda. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba hiyo ni ya gobole, bunduki ya baba inataka nyingine. Akanuna, akasema mimi nimesoma sana. Jirani anayepasua mawe ya kujengea akaahidi kuniletea baruti ya kupasulia miamba, eti hiyo ndiyo yenye nguvu. Nilimwomba asije nayo hata uwanjani kwangu. Na ndani ya sanduku la padri mlikuwa na kopo la baruti ya kijivu, nusu limejaa, karatasi yake ya jina imeliwa na mende. Kila aliyeliona aliniambia nitumie hiyo hiyo, nahangaika na nini.

Mtu pekee aliyeniuliza swali la maana ni muuza duka wa Dar es Salaam niliyempigia simu. Aliuliza bunduki ni ya aina gani na kichwa cha risasi kina uzito gani. Karibu nimwite mchumba. Akanieleza kwamba kuna baruti ya kuwaka haraka na kuna ya kuwaka taratibu. Hilo nililielewa hapo hapo, nimepika maisha yangu yote. Magunzi yanalipuka moto mara moja, gogo la mkaratusi linakwenda polepole. Anayeweka baruti ya magunzi mahali pa gogo, chuma kinapasuka karibu na jicho lake. Sasa baruti iliyoandikwa kitabuni hana, ila anayo nyingine "inayofanana". Nikauliza inafanana kwa lipi, kwa rangi? Akacheka, akakubali kwamba heri nisubiri mzigo ufike.

Jumatano nikaenda Songea kutafuta, nikarudi mikono mitupu na matope hadi magotini. Nikaamua kusubiri. Nilikuwa na risasi chache za kiwandani, zilizobaki za baba, ndani ya kopo la majani ya chai. Nikasema hizi nitazitumia kwa uangalifu mpaka mzigo uje.

Jana nikafungua kopo la risasi nilisafishe. Lilikuwa limejaa kuliko nilivyoliacha.

Nikamwita mdogo wangu Oswini. Huyu anafanya kazi kiwanda cha kukoboa kahawa, anapanga madaraja, na ni fundi kweli, asiyemjua akaulize. Akaja anatabasamu kama bwana harusi. Kumbe Jumatano hiyo hiyo, nilipokuwa nazurura Songea, alimwambia mama anataka kunifurahisha. Mama akampa ufunguo wa kabati ninamofungia vitu vya bunduki. Akakaa barazani na mashine ya padri, akajaza risasi kwa ile baruti ya kijivu isiyo na jina, akazichanganya na za kiwandani ili nizikute tu zimeongezeka.

Nilimuuliza alijuaje kwamba ni baruti inayofaa.

"Nilinusa kwanza, dada," akasema. "Nikaimwaga kiganjani. Punje zimelingana zote, hazina vumbi, hazina harufu ya ukungu. Ile ni daraja la kwanza kabisa."

Alipanga baruti kama kahawa. Na nina hakika aliipanga vizuri.

Sikupiga kelele. Nilimwambia anionyeshe zake ni zipi. Akachukua moja, akaigeuza, akairudisha. Akachukua nyingine. Maganda yote ni ya aina moja, yale ya baba ya zamani, yamekwaruzika kwa kuingizwa na kutolewa bundukini miaka yote. Nikaleta mizani. Zikatofautiana kidogo, lakini hata za kiwandani hutofautiana kidogo, na jibu la namna hiyo siwezi kuliwekea shavu langu. Nikamweleza habari ya magunzi na gogo. Nilimwona akielewa, maana tabasamu liliondoka polepole halafu akaanza kuyaangalia macho yangu, moja baada ya jingine.

"Baruti si baruti, dada?" akauliza kwa sauti ndogo.

Hata mimi mwezi uliopita ningesema hivyo.

Kwa hiyo leo baada ya misa nimelibeba kopo zima kituoni, pamoja na lile kopo la padri, nikawaomba waviharibu. Afande kijana alishangaa risasi nzima zinatupwaje. Nikaeleza mara mbili. Bado anashangaa, na mimi nimechoka kueleza. Nimechoka na neno moja lenye maana nne. Nimechoka na watu wanaonipenda bila kuniuliza.

Nyumbani mama alikuwa ananisubiri. Mabua mengine yameanguka. Akauliza bunduki ya baba yetu imezikwa naye? Nikasema risasi zimeisha. Oswini alikuwa amesimama pale, anaangalia chini. Sikumtaja. Akatafuta debe na fimbo, akaondoka kwenda shambani kufukuza nguruwe kwa makelele, na hajarudi kula.

Kuna jambo sijamwambia yeye wala mama. Ijumaa alfajiri nilikuwa pale shambani. Nilichota risasi koponi bila kuangalia, gizagiza bado, nikapakia, nikalala kwenye tuta. Nguruwe jike mkubwa akasimama ubavu mbele yangu. Nilikuwa na kidole kwenye kifyatulio. Ukungu ukatanda, nikashindwa kuona nyuma yake kuna nini, na baba alinifundisha nisipoona nyuma nisipige. Akaondoka. Nilirudi nyumbani najilaumu, nikazirudisha risasi koponi, na mama akanilaumu zaidi. Mpaka sasa ananilaumu kwa yule nguruwe, kila tunapokaa mezani.

Mwache anilaumu. Namwona anavyokunja uso, kwa macho yote mawili.