Klavesini na Fundi Mashua

Albertville, 22 Mei 1955

Kwa baba yangu mpenzi, Papa Maliki, Ankoro

Amani ya Mungu ikufikie hapo ulipo, na ikukute kifua kimetulia. Huku mimi na mama tu wazima, isipokuwa goti lake. Upepo wa kusini ukivuma goti linalalamika, na yeye analalamika pamoja nalo. Mpe salamu Célestin mkatekista anayekuandikia, umwambie mwandiko wake unaniaibisha.

Baba, kaa kwanza. Kuna Madamu mmoja hapa mjini, Mwingereza aliyeolewa na Mbelgiji wa serikali. Mume wake ndiye anayeandika ripoti za watu waliohamishwa kwa adhabu kama wewe. Akiandika kwamba mtu fulani ametulia, mtu huyo anarudi kwao.

Madamu ana kinanda alichorithi kwa bibi wa bibi yake. Anakiita klavesini. Kilikuja kwa meli mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka Kigoma, kikavuka ziwa, na joto limekiharibu. Si piano. Piano hupiga nyuzi kwa nyundo, hiki kinazidonoa. Ukibonyeza kibao, kijiti chembamba kinaruka, na ubavuni mwa kijiti kimechomekwa kipande cha unyoya wa kunguru. Unyoya huo ndio unaodonoa uzi. Kinanda ni kirefu kunizidi mimi. Upande mmoja umenyooka, wa pili umepindwa vizuri hata wewe ungeupapasa. Mwili ni mwaloni mzito, juu yake wamebandika mbao nyembamba za rangi ya kahawa, zimezungushiwa mistari myeupe. Hakuna maua wala picha. Bawaba ni za shaba, ndefu. Vibao vya kupigia viko safu mbili, vya pembe na vya mpingo.

Atelye, karakana ninakofanya kazi, ilinituma mimi nikitengeneze. Madamu akaniuliza baba yangu yuko wapi, nikamwambia. Akauliza kosa. Nikasema alikaribisha watu wa Kigoma kufanya dhikri kwenye kiwanja chake cha mashua. "Dhikri njo nini?" Nikamwambia ni kumtaja Mungu. Akasema: "Idi, kama kinanda kinaimba mbele ya wageni siku ya sikukuu yetu ya Julai, mimi nitasema na bwana yangu juu ya baba yako."

Mama anasema usianze kufunga mizigo. Lakini amefua kanzu yako.

Mwanao,
Idi


Ankoro, 9 Juni 1955

Kwa mwanangu Idi

Pokea salamu za mzee asiyeruhusiwa kuvuka mto bila karatasi. Kifua kipo, kinakohoa asubuhi na kuniacha mchana. Mwambie mama yako asichote maji mwenyewe, goti si la kuchezea.

Célestin amenisomea barua yako mpaka sauti imemkauka. Nina hasira kidogo na wewe. Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nawachongea watu wa hapa mitumbwi yao, nasali, nalala. Sasa nahesabu miezi kama mjinga, na kosa ni lako.

Lakini umeniandikia urembo tu. Bawaba, mistari! Mashua haielei kwa rangi. Mbavu zake ziko wapi? Nini kinashikilia nini? Nyuzi zinavuta upande gani? Niandikie kifundi, wewe si mteja.

Baba yako,
Maliki


Albertville, 27 Juni 1955

Kwa Papa Maliki

Salamu, baba, na pole kwa kikohozi. Kunywa ule mzizi aliokutumia mama hata kama ni mchungu. Goti lake limepata nafuu, sasa analalamika juu yangu.

Haya, kifundi. Mbele, juu ya vibao, kuna gogo nene lililopigiliwa vigingi vya chuma. Kila uzi umezungushwa kwenye kigingi chake, na unavutwa mpaka ule upande uliopindwa. Nyuzi nene za shaba, nyembamba za chuma, safu tatu. Ukiziweka pamoja zinavuta kwa nguvu ya kutisha, mwili wote umekaza kama mtu aliyebeba gunia. Chini ya nyuzi kuna ubao wa sauti. Huo ndio roho yake. Ni mti mweupe wa nchi za baridi, mwembamba mno, ukiugonga kwa ukucha unajibu. Chini yake una mbavu ndogo, na juu una daraja lililopinda linalobeba nyuzi. Hakuna msumari hata mmoja, baba. Vyote vimegandishwa kwa gundi ya ngozi.

Vijiti nimevimaliza. Nyuma ya ulimi wa kila kijiti, kile kipande kidogo kinachobeba unyoya, kulikuwa na unywele mgumu wa kuurudisha mahali pake. Nikauliza ni unywele wa nini. "Nguruwe," Madamu akasema, kama vile anasema muhogo. Nimenawa mikono mpaka sabuni imeisha. Nimezing'oa zote, nimeweka uzi wa shaba. Madamu hajui, na vijiti havijalalamika.

Kunguru wa bandarini sasa wananifahamu, wakiniona wanaruka.

Tatizo ni ubao wa sauti. Kiangazi kimeupasua katikati, ukucha unaingia. Uzi ukidonolewa, ubao unatetemeka kama bati. Madamu anataka nichomeke ufito wa mti ule ule na gundi. Mti ule huku haupo. Nimejaribu mvule, ni mzito, unaua sauti. Madamu na mumewe wanakwenda safari ya Nyunzu, watarudi karibu na sikukuu. Baba, naogopa. Ungefanyaje wewe?

Mwanao,
Idi


Ankoro, 5 Julai 1955

Idi mwanangu

Salamu kwako na kwa mama yako. Barua hii inakwenda na boti ya leo, Célestin anaandika amesimama, kwa hiyo salamu ni fupi.

Usichomeke kitu. Anayejaza ufa wakati wa kiangazi anajenga kwa haraka, na mvua ikija ubao unavimba na kupasuka pembeni. Ubao huo haujavunjika, una kiu tu. Umesahau ile mashua ya mjomba wako iliyokaa juani msimu mzima? Tuliizamisha kwenye maji ya mto Kalemie na mawe ndani, na ilipotoka usingeweza kupitisha unywele kati ya mbao.

Loweka matambara ya pamba, yatandike juu ya ufa, weka mawe, uache unywe. Tambara likikauka, lowesha tena. Nyuzi usizilegeze hata kidogo, mvuto wake ndio utakaobana midomo ya ufa. Najua Madamu amesema mengine. Yeye anajua kupiga kinanda, mimi najua mbao. Nisikilize mimi.

Baba yako,
Maliki


Albertville, 14 Julai 1955

Papa Maliki

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Nimefanya kama ulivyosema, matambara na mawe. Ufa unafunga, baba, nimeuona kwa macho yangu, leo ukucha hauingii tena. Mama amekuja kuangalia na kusema: "Hii kitu inalala kama mugonjwa wa homa." Nimeyalowesha tena kwa mara ya mwisho. Kesho nafunua.

Mwanao,
Idi


Ankoro, 20 Agosti 1955

Kwa Idi

Salamu zangu na maswali yangu. Hujambo? Mama hajambo? Sikukuu ilipita, hata hapa walipandisha bendera na kutupanga juani. Nilisimama pale nikisikiliza klavesini kichwani mwangu. Mtu wa pembeni aliniuliza nacheka nini.

Boti tatu zimekuja bila barua yako. Nimewagawia vijana tezo zangu za kuchongea, nimebakiza moja ya kuja nayo. Niambie ililiaje. Niambie wageni walisema nini.

Baba yako,
Maliki


Bendera, 9 Oktoba 1955

Kwa baba yangu

Pokea salamu, na samahani kwa kuchelewa. Mimi mzima. Mama yuko Albertville, mzima, goti lake limerudi.

Niko huku Bendera wanakojenga mtambo wa umeme. Napigilia mbao za kumwagia zege, kazi isiyo na mapenzi. Atelye haikuwa na kazi nyingi. Klavesini iko salama. Lile shauri letu limechelewa kwa sababu Madamu amesafiri kwao kupumzika, akirudi tutaona. Usigawe tezo nyingine.

Mwanao,
Idi


Ankoro, 4 Desemba 1955

Kwa mwanangu Idi

Salamu, mwanangu. Kifua changu kimerudi na mvua. Wewe je, huko milimani kuna baridi, unalala na nini?

Nitakusimulia jambo. Wamisionari walimletea Célestin kiti cha kupigia magoti, kizuri, cha Ulaya. Kimejengwa bila misumari, kwa gundi ya ngozi. Paa la kanisa lilivuja, kiti kikakaa chini ya maji siku kadhaa, na Jumapili, Célestin alipopiga magoti, kiti kilifunguka chote chini yake. Watu walicheka. Mimi niliokota mguu mmoja, nikaweka kidole pale ulipounganika. Gundi ilikuwa imerudi kuwa uji.

Nilikaa chini hapo hapo, Idi. Sisi watu wa mashua tunatumia msumari na kamba na kalafati ya kuziba nyufa. Maji kwetu ni rafiki. Uliniandikia wazi: vyote vimegandishwa. Nilisikia na sikusikia, kwa sababu nilikuwa nakufundisha tena, kama zamani, na nilifurahi mno. Nikakuambia tena usilegeze nyuzi.

Usiniandikie kwamba iko salama. Ni mimi niliyeivunja, nikiwa nimekaa huku, kwa kinywa changu. Na wewe umebeba peke yako. Naumia kwa hilo kuliko kwa kutokurudi.

Célestin ameweka kalamu chini. Kwao ndoa haifunguliwi, na amekataa kuandika yanayofuata. Kuanzia hapa ni mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za Kiarabu za chuoni, msomee mama yako polepole.

Sitarudi. Mama yako Mwanamisi si mzee. Ndugu yake wa Kigoma amekuwa akimwita tangu niondoke, na huko kuna nyumba na watu. Nimemwacha kwa talaka moja, mbele ya Waislamu wawili wauza chumvi, leo baada ya adhuhuri. Hana kosa lolote. Mwambie nimetoa hiyo talaka kwa mapenzi.

Baba yako,
Maliki


Albertville, 8 Januari 1956

Kwa baba yangu mpenzi, Papa Maliki

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba Mungu akulinde na hiyo mvua. Mimi mzima wa mwili. Habari za mama nitakupa mwishoni, kwa utaratibu.

Nilidanganya kwa sababu sikuweza kuandika. Asubuhi ile nilifunua matambara na ufa haukuwepo, nikacheka peke yangu. Nikaondoa mawe. Nilikuwa bado nimeshika la mwisho nilipoisikia klavesini ikifunguka chini, ubavu mmoja, kisha mwingine. Mawe ndiyo yaliyokuwa yameishikilia. Daraja likang'oka na nyuzi zake zote, zikanichapa usoni, ubao wa sauti ukajikunja, na ule upande uliopindwa ukaachana na ncha ya nyuma. Mwaloni wote ule, baba, na ulikwenda ndani mara moja.

Madamu alirudi jioni yake. Hakunigombeza. Alikaa mbele ya vibao, akabonyeza kimoja, kijiti kikaruka na hakikukuta uzi. Akafunika uso. Bwana yake aliniweka gerezani, na nilipotoka nilikwenda Bendera kwa sababu hakuna atelye hapa iliyotaka kuniona. Ameandika ripoti yako pia. Ameandika kwamba mwana wa Maliki ameharibu mali ya nyumba ya serikali kwa makusudi, kulipiza kisasi cha baba yake, na kwamba mzizi wa ubaya huo uko Ankoro na ubaki Ankoro. Madamu hakunitetea. Klavesini imefungwa kamba iko kwenye stoo ya bandari.

Sikutaja kwamba ni wewe uliyenielekeza. Si mbele ya karani wa kesi wala mbele ya mama. Sasa anajua, kwa sababu barua yako nilimsomea yote, polepole kama ulivyosema.

Alikuwa anachambua mchele. Nilipofika kwenye talaka hakuinua kichwa. Akauliza: "Ni ngapi?" Nikasema moja. "Mashahidi walikuwepo?" Nikasema walikuwepo. Akamaliza mchele, akauosha, akaubandika jikoni, kisha ndipo akalia, kwa sauti, majirani wakaja. Alilia mpaka wali ukaungua. Alipotulia akasema: "Muntu anayetaka kuniacha angetoa tatu. Huyu ametoa moja, ameacha mulango wazi juu ya woga wake. Haya. Eda inakaliwa nyumba gani, Idi? Wewe ulisoma." Nikasema eda ya talaka moja mwanamke huikalia nyumbani kwa mume. "Na nyumba ya mume wangu iko wapi?"

Nilimwambia yote ya kumzuia. Nilimwambia homa za huko, goti, ndugu yake wa Kigoma. Nilimpigia magoti, baba.

Jana tulikwenda biro, ofisi ya serikali, kuomba karatasi ya safari. Karani ni mtu mweusi kama sisi, alimhurumia. Akamwambia: "Mama, sikiliza vizuri. Ukienda kukaa na muntu aliyehamishwa, tunaandika jina yako pamoja na yake. Hautarudia tena Albertville. Hata mutoto wako akifa, hautakuja kumuzika. Unasikia?" Mama alinitazama kwanza mimi, muda mrefu. Kisha akamuuliza karani kidole anaweka wapi.

Anapanda treni ya Kabalo Jumatano, na hapo atachukua boti ya mto. Mimi sina ruhusa ya kumsindikiza, jina langu bado liko kwenye daftari la gereza. Mpokee bandarini, goti haliwezi ngazi.

Nilimuuliza nikuandikie nini kwa niaba yake, kwa kuwa sitakuona mimi wala sitamwona tena yeye, na alifikiri, na amesema nikuandikie ufagie nyumba.

Mwanao,
Idi