Farasi wa Rais na Kisanduku cha Udi

Shatha, uko wapi? Shika simu. Nimeaibika leo mpaka nataka kuhama Bawshar.

Mama yake Hisham, Bi Zuwena, kaja kuniposa kwa mwanawe. Kamletea mama kisanduku cha udi, kakiweka mezani. Halafu kimya. Unanijua mimi na kimya.

Nikaanza marais wa Marekani. Wallahi, marais. Nikawahadithia kuwa zamani Seyyid Said alimpelekea rais wao farasi wawili kwa meli, lakini sheria yao haimruhusu rais kupokea zawadi hivi hivi tu, basi farasi wakauzwa mnadani.

Nikamalizia, "Fikirini, mtu kakupa zawadi kwa mapenzi, wewe unaitoa kwa mwengine." Nimesema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Bi Zuwena kainama. Mimi sielewi kitu. Mama akakigeuza kile kisanduku kukitazama vizuri, na chini kuna maandishi. Mwandiko wa mama mwenyewe. "Kwa Bi Zuwena, Idi Mubarak."

Udi wetu, Shatha. Tuliompa sisi Idi iliyopita.

Nikatamani ardhi inimeze. Bi Zuwena akamaliza kahawa yake taratibu, akasema, "Udi umerudi kwao. Lakini huyu mwanenu nikishamchukua simrudishi, hata akihadithia marais mpaka alfajiri."

Mama kacheka mpaka machozi. Kakubali posa.

Saa hii yuko jikoni anausugua ule mwandiko, na haufutiki. Ijumaa tunakuja kwenu kumpongeza dada yako kwa mtoto. Mwambie mama yako kisanduku asikigeuze.