Kunde za Hamisi

Jumapili, Bellevue

Eti kunde! Wiki nzima nimeumezea mate mmea ule unaotambaa kwenye uzio wetu. Leo nikachuma majani machanga, nikayabandika kwa tui. Mume wangu Hamisi akaingia, akachungulia sufuria, akapiga kelele: "Zuhura, utatuua! Hayo ni maua, yana sumu!"

Nikamaka. Mwanamume apande maua, kisha anyamaze?

Ndipo Hamisi akasema, macho chini, kwamba dukani walimwambia yananukia sana. Asumini kaitafuta Joburg yote hajaipata, na tangu tuondoke Tanga sijavaa kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia. Alitaka nishtukie tu yamechanua.

Nimemwaga sufuria nzima, tui langu la watu! Tumekula ugali kwa chumvi.

Ee Mola, mmea ule nilivyoukwanyua vile, uchipue tena.