Sanamu Lenye Vipimo Vyako

Kwa mke wangu kipenzi,

Pokea salamu zangu na za wanao watatu, ambao sasa hivi wameizunguka meza yangu ya kukatia nguo wakijifanya hawasomi ninachoandika. Sisi sote wazima. Mgongo wangu nao unajitahidi, ila nikikaa kwenye cherehani tangu asubuhi ndipo unanikumbusha umri. Wewe je, hujambo? Yule mwenzako wa chumbani anayekoroma amepona mafua, au bado unalala na pamba masikioni?

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma mara tatu. Unauliza kama ubaki huko chuoni miezi sita zaidi kusomea utunzaji wa watoto njiti, kwa kuwa wewe na mwenzako mmoja tu ndio mliochaguliwa, au urudi mwezi ujao kama tulivyopanga. Nitakujibu. Lakini kwanza nikupe habari za nyumbani, maana Jumapili kwenye simu hawa hawaniachii hata nafasi ya kukohoa.

Hakimu wako, kifungua mimba wetu, amekua. Ana miaka kumi na miwili tu, lakini nyumba anaiendesha yeye. Amebandika ratiba ukutani, na humo mimi nimepangiwa masufuria Jumatatu na Alhamisi. Nilipokata rufaa nikaongezewa Jumamosi.

Bwana Bisibisi naye hajaacha kazi yake ya kufungua vitu. Wiki iliyopita aliifungua saa ya ukutani, akaifunga tena, na skrubu mbili zikabaki mkononi. Nilimuuliza hizo ni za wapi, akanieleza bila wasiwasi wowote kwamba kiwandani walizidisha. Tangu siku hiyo saa inakimbia kama inadaiwa. Juzi watoto walifika shuleni kabla ya mwenye funguo za geti.

Na kitinda mimba wetu, Kasuku, amepoteza jino la mbele. Sasa kila neno analitoa na mate, na wala kunyamaza hanyamazi.

Haya, sikia kituko. Unalikumbuka lile sanamu langu la kuvalisha nguo, lisilo kichwa wala mikono? Nimeanza kukushonea gauni la siku ya kupewa cheti, basi nikalifunga sanamu matambara kiunoni na mabegani mpaka likafikia vipimo vyako vilivyomo kwenye daftari. Usinune, vipimo vyenyewe ni vya mwaka jana. Kasuku alipotoka shule akalikuta limevaa, akalitazama juu mpaka chini, akasema huyu ni mama. Kuanzia hapo kila mchana anavua viatu, analiamkia, kisha analisimulia yote ya darasani, nani kapigana na nani na nani kaficha chaki ya mwalimu. Wateja wakiingia anawaambia wamwamkie mama kwanza. Yule mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, ambaye macho yake unayajua, alilisalimia kwa heshima zote, akaulizia na safari. Aliporudi kwao akawaambia watu kwamba siku hizi umejaa maringo, huitikii salamu.

Nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Lakini siku ya tatu, nikiwa nyuma ya pazia napiga pasi, nikamsikia Bisibisi analieleza sanamu kwamba amefeli mtihani wa hesabu na karatasi ameificha chini ya godoro. Nilijifanya sijui kitu. Jioni nikamwambia nimesahau kugawanya, anisaidie kugawanya mita za kitambaa. Tunafanya hivyo kila jioni sasa, na makosa yanapungua, yake na yangu.

Sasa nifike kwenye lile linalonikaa rohoni. Mke wangu, hii si barua ya kwanza kukujibu. Ya kwanza niliiandika Jumatano, nikaifunga kwenye bahasha. Nilikuandikia kwamba urudi, kwa sababu watoto wamekonda, Hakimu ameshuka kimasomo, na Kasuku analia kila siku akikutaka. Ulikuwa uongo mtupu. Nilijua ukisikia hivyo hutauliza mara mbili, utafunga sanduku.

Alhamisi mchana niliwasikia watoto uani wanacheza kujificha, kisha kukawa kimya. Nikapiga magoti mbele ya sanamu kubandika pini kwenye pindo la gauni. Sijui niliingiwa na nini. Nikajikuta naliambia kwamba nimechoka, kwamba mwaka huu umenishinda urefu, kwamba nikitandika kitanda naruka upande wako nisiuguse. Nikaliomba na msamaha kwa kuwasingizia watoto kwenye barua. Na machozi yalinitoka, siwezi kuficha.

Wote watatu walikuwa chini ya meza ya kukatia.

Hakimu alitoka wa kwanza, akaniomba bahasha kwa adabu. Sikuwa na namna, nikampa. Akawasomea wenzake barua yote kwa sauti. Kasuku alikasirika kweli, akasema yeye amelia mara mbili tu tangu uondoke, na mara moja ilikuwa ya jino. Bisibisi alitaka kujua nani amekonda, akanionyesha kaptura isiyofunga kifungo. Hakimu hakucheka. Aliniambia kwamba kama nina hamu na mama niseme ni mimi, nisiwatume wao. Kisha akaichana barua, akanifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha bitana, akaniagiza niandike nyingine yenye ukweli, naye ataihakiki.

Basi ukweli ndio huu. Wanao hawajambo kabisa, wanakula, wanasoma na wanagombana ipasavyo. Anayelia ni mimi. Nisamehe, nilikaribia kukunyang'anya kitu ulichokitafuta miaka yote kwa sababu ya upweke wangu tu. Nina hamu nawe kupita ninavyojua kuandika. Lakini baki, mke wangu. Mtoto wa watu aliyezaliwa kabla ya siku zake ana haja nawe kuliko fundi cherehani wa miaka arobaini na mmoja.

Msalimie mwenzako wa chumbani, na walimu wako wote. Watoto wanakubusu, Kasuku amesisitiza niandike mara tano. Hakimu ameshaisoma barua hii, amesema sasa inaweza kwenda.

Ni mimi mumeo,
Baba watoto