Kopo la Mama Mkwe

Mama Mkwe mpendwa,

Usishtuke nikikuita "wewe". Tangu nimwoe binti yako sikuwahi kukuelekezea neno hata moja, wala wewe mimi. Kwenu Ndalambo mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mikono, hawasemeshani. Mimi mtu wa Tabora, niliyekuja Tunduma kutafuta riziki, niliona maajabu. Nikija kusalimia, unapitia nyuma ya nyumba, halafu sauti yako inasikika huko huko: "Wewe mbuzi, mwambie mkwe chakula tayari." Nami namjibu mbuzi: "Mwambie mama nashukuru." Mbuzi anatafuna zake majani.

Lile kopo nalo lilinifikia hivyo hivyo. Uliliweka kwenye kigoda, ukaondoka, ukamwachia mbuzi maelezo. Kopo dogo la mafuta ya mgando, linaenea kiganjani. Ndani sindano na uzi, wembe kwenye karatasi yake, njiti za kiberiti ndani ya nailoni, kipande cha kanga kilichofuliwa, na ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Mwambie mkwe, anayeshinda mpakani hatembei mikono mitupu. Na humo hakikai kitu cha kazi moja. Cha kazi moja kibaki nyumbani."

Uzi wa kushona kifungo ndio huo wa kushona gunia. Mpira wa kufungia mzigo ndio huo wa kuziba bomba linalovuja. Miaka yote uliyopeleka maharage na ulezi Tunduma ulitembea na kopo kama hilo, ukitoa hiki, ukitia kile, mpaka ukabaki na vichache visivyokuangusha.

Nilicheka, Mama. Wakala wa forodha mimi, mtu wa tai na begi la ngozi, nitembee na mpira wa baiskeli? Nililibeba kwa kumwogopa Mama Neema, binti yako, maana kila asubuhi alilipapasa begini kuhakikisha limo. Ila kitambaa nilikitoa nikafutia viatu. Mpira nikafungia makaratasi ya mizigo.

Ikaja siku ya kupeleka mabati ya nyumba yako. Kilikuwa kifuku, majira ya mvua kubwa, tope mpaka magotini. Wewe ulikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya mabati, heshima zimetimia. Kabla ya kufika Ndalambo pikapu ikazama. Dereva akaenda kwa miguu kutafuta watu wa ng'ombe waje watuvute. Tukabaki wawili, wewe upande huu wa gari, mimi ule.

Nikasikia bati linateleza. Nikasikia, "Mayo!", mtu wa kwenu anavyomlilia mama yake.

Nilipozunguka nilikuta mkono wako umechanwa vibaya chini ya kiwiko, damu inatiririka. Nikasimama. Wallahi nilisimama tu. Nikikushika nimekuvunjia heshima, nisipokushika unanifia hapo. Mtu hakuna, mbuzi hakuna. Ndipo ukageuza uso, ukasema huku umeuma meno: "Wewe tairi, mwambie mkwe alete kopo. Upesi!"

Nikalitoa begini, nikalifungua. Kitambaa hakimo! Sijawahi kuona aibu kama ile. Viatu vyenyewe nilivyovifutia havionekani kwa tope.

Ukalichungulia kopo kwa pembe ya jicho. Kisha: "Tairi, hebu muulize mkwe, hiyo tai shingoni ina kazi ngapi?"

Nikaivua, nikaikunja, nikaikandamiza kwenye jeraha. Nikafungua ule mpira, makaratasi ya watu yakapeperuka kuelekea Zambia bila kugongwa muhuri, nikauzungusha juu ya tai na kuukaza. Nikauinua mkono wako nikaushikilia kwa mikono yangu miwili. Wewe ukatazama kaskazini, mimi kusini. Tukakaa hivyo mpaka dereva aliporudi na ng'ombe.

Zahanati walipokushona, muuguzi aliuliza nani alifunga vizuri hivyo. Ukajibu: "Mkwe. Ana kopo." Nilikuwa nje ya dirisha, nikalia kama mtoto.

Nilileta mbuzi jike, faini ya kukugusa. Ukampokea, na kesho yake ukamtuma: "Mwambie mkwe kitambaa kipya kiko kwenye kigoda. Hiki asifutie viatu." Kumbe ulijua!

Mama, ulinipa kopo ili linilinde mimi, likaja kukulinda wewe. Neema amekua akimjua bibi yake. Ulimfundisha kupura ulezi, ukamwona akifunga ndoa, na mume wa Neema sasa naye anakwepa kumtazama mkwewe, Mama Neema, anasema na kuku. Miaka yote hiyo nilikuwa nayo mimi shukrani, nikiituma kwa mbuzi. Nilisema ipo siku nitakushukuru mwenyewe. Umeondoka duniani sijasema, na hilo linaniuma sana.

Jana Mama Neema kaniuliza barua hii nitaipeleka wapi. Nitaikunja, nitaitia kwenye kopo, juu ya kitambaa chako. Nilidhani nikifika hapa mwishoni nitaweza kukwambia uso kwa uso. Ujasiri umeniishia, Mama. Mkwe ni mkwe.

Wewe kopo, mwambie mama: asante.

Mkwe wake,
yule wa tai